Kwaya Isiyosema Maneno

Katika kwaya niliyoiongoza kwa miaka thelathini na minne kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ambayo hakuna aliyethubutu kuivunja: sauti haziunganishwi mpaka kila moja isimame peke yake. Sauti ya kwanza walijifunza ndani ya kanisa. Sauti ya pili walikaa nyuma, chini ya paa la stoo ya zamani ya kahawa. Sauti ya tatu na ya nne, ambao walikuwa wanaume na kwa hiyo wapenda mzaha, niliwapeleka mbali, kwenye ukingo wa mfereji wa maji, ili vicheko vyao visiwafikie wengine. Niliandika nyimbo ubaoni kwa herufi za do, re, mi, kama nilivyofundishwa mimi, na kila kundi lilinakili mstari wake tu. Mtu wa sauti ya pili hakuruhusiwa kusikia sauti ya kwanza inafanya nini kabla mimi sijaridhika na zote. Wimbo mmoja uliweza kuchukua majuma tisa. Siku ya kuunganisha, baadhi yao walilia. Mimi sikulia, lakini nilielewa kwa nini wanalia.

Mke wangu aliimba sauti ya pili. Alikuwa katika kwaya kabla sijamwoa, na nilipomwoa hakupata upendeleo wowote. Mara mbili nilimrudisha nyumbani kwa kuchelewa mazoezi, ingawa aliyemchelewesha ni ng'ombe wetu wenyewe. Sasa amelala mgombani, upande wa mashariki wa nyumba, kati ya wazazi wangu na nafasi iliyoachwa kwa ajili yangu.

Ninaandika ili kueleza jinsi nilivyomchagulia kwaya ya kompyuta, na jinsi nilivyochelewa. Hapa Machame watu wanalisimulia jambo hili kwa namna zao. Wako wanaosema kwamba nilimfanyia mke wangu maajabu, kwamba aliondoka duniani akiimbiwa na watu mia moja ndani ya chumba chetu cha kulala. Wanaosema hivyo hawakuwapo. Mimi nilikuwapo.

Uvimbe ulianza kooni mwake, na kilichoondoka kwanza ni sauti. Ilikwaruza kwa miezi miwili, kisha ikawa mnong'ono, kisha hata mnong'ono ukamchosha, akaanza kuandika katika daftari la kurasa arobaini na nane, la aina ile ile ambayo wanafunzi wangu waliniletea kusahihisha. Hospitalini daktari wetu, kijana aliyenipa shikamoo kabla ya kufungua faili, alitueleza bila kuzunguka. Uvimbe ulikuwa umeshaenea. Dawa ingemsogeza mbele kidogo, isingemponya.

"Na tena dawa hii," alisema, "huenda ikagusa masikio."

"Huenda?" nilimuuliza. "Kwa wagonjwa wangapi? Baada ya dozi ngapi?"

"Mzee, siwezi kukupa jibu la namna hiyo. Wengine haiwagusi kabisa. Wengine inaanza mapema."

"Kwa hiyo hujui."

"Kwa mama huyu, sijui." Alimgeukia mke wangu, akasema naye badala ya kusema nami. "Mama, kama kuna sauti ya mtu unayotaka kuisikia, au jambo lolote la kusikia, usiliweke kiporo."

Nilifundisha fizikia katika shule ya sekondari kwa maisha yangu yote ya kazi. Neno "huenda" nililikata kwa wino mwekundu katika ripoti za maabara, na pembeni niliandika: Umepima? Siku ile mke wangu alipewa dozi ya kwanza, nami nilitoka hospitalini nikiwa na maoni kwamba kijana yule alikuwa mpole lakini hakuwa amepima.

Jioni, kabla ya kula, mke wangu alinisogezea daftari lake. Lilikuwa na mstari mmoja: Nataka kuusikia ule wimbo. Wote.

Hapakuwa na haja ya kuuliza wimbo upi. Miaka minane nyuma nilitunga wimbo wa maziko, maneno na muziki vyote vyangu, na nilianza kuufundisha kwa utaratibu wetu. Sauti ya pili ilisimama mapema. Sauti ya nne ikafuata. Sauti ya kwanza ilikaribia. Sauti ya tatu haikuwahi kusimama, na wakati naisubiri, kwaya ilikwisha. Haikuvunjika kwa ugomvi, kama inavyosemwa. Vijana walipata kikundi chao chenye spika kubwa kuliko milango ya kanisa. Watu wazima walihamia mjini. Wazee tulizikana mmoja baada ya mwingine. Wimbo haukuunganishwa. Kwa miaka minane mke wangu aliuimba mstari wake jikoni akimenya ndizi za mtori, na mstari wa sauti ya pili, ukiwa peke yake, ni kitu cha kusikitisha: noti tatu nne zinazorudiarudia, kama mtu anayetembea ndani ya chumba akitafuta funguo. Sikuwahi kufikiri kwamba hakujua mstari ule unakwenda wapi.

Chini ya mstari wa kwanza aliongeza wa pili: Sijawahi kusikia nilikuwa naimba nini.

Kesho yake nilikwenda kwa rafiki yangu wa siku nyingi, mtu pekee aliyebaki wa sauti ya nne. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Nilimweleza shida yangu.

"Sauti ya nne tumekamilika, Mwalimu," alisema. "Nipo mimi, na jino langu hili."

"Sitanii."

"Wala mimi sitanii, linatikisika. Nani mwingine unaye?"

"Akina mama watatu wa sauti ya pili. Sauti ya kwanza hakuna."

"Na sauti ya tatu?"

"Nakuuliza wewe."

"Sauti ya tatu nusu iko Arusha inauza simu, nusu iko kaburini." Aliweka panga chini. "Chagua mwenyewe tuanzie wapi kuwaita."

Binti yetu, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyenitumia kompyuta, akaniambia kwa simu kwamba siku hizi kuna kwaya zilizomo humo ndani. Nilimuuliza nani amemwambia. Akasema watu wanasema. Nikamuuliza watu gani. Alicheka, lakini si kwa furaha, akasema, "Baba, mara hii tu, usinihoji," kisha akanielekeza kwa mwanamke mmoja mwenye studio ya kurekodi kwaya pale Soweto, mjini Moshi. Kumbe nilikuwa namfahamu. Nilimfundisha.

Studio ilikuwa chumba kimoja, kuta zake zimefunikwa trei za mayai na mazulia ya zamani. Mwenyewe sasa ni mama mtu mzima mwenye miwani, lakini alisimama niliposukuma mlango kama aliyeshikwa na kosa.

"Shikamoo, Mwalimu. Bado unavaa tai."

"Marahaba. Na wewe bado unachelewa kufungua."

"Foleni ya maji, Mwalimu."

"Kidato cha pili ilikuwa mvua."

Alicheka sana. Kisha nilimweleza kuhusu mke wangu, akaacha kucheka, akavuta kiti.

Alinifafanulia jambo lenyewe kwa uwazi ambao sikuutarajia, na ambao ninamshukuru. Waimbaji halisi, katika ukumbi wa mbali, wameimba noti moja moja, kwa nguvu na kwa upole, kwa kila moja ya sauti nne, na kila noti imerekodiwa na kuhifadhiwa. Mkusanyiko wa noti hizo ndio unaonunuliwa. Mtunzi anabonyeza kibodi, na waimbaji wale, ambao labda wenyewe wameshazeeka, wanaitika. Alikuwa na mikusanyiko mitatu. Alinisikilizisha yote.

Wa kwanza uliimba vokali peke yake: a, o, u, na mguno wa midomo iliyofungwa. Wa pili ulikuwa na vigelegele na vibwagizo vilivyokwishatungwa, katika lugha ya watu wengine.

"Hii wanaiita kwaya ya Kiafrika," alisema.

"Afrika ipi?"

"Ndiyo swali hilo, Mwalimu. Hawakuandika."

Wa tatu ulikuwa mkubwa na mzito. Huo uliweza kufundishwa maneno: unaandika matamshi, silabi kwa silabi, na waimbaji wanajaribu kuyatamka. Alijaribu kuuimbisha mstari wa kwanza wa wimbo wangu, "Shusha mzigo, safari imekwisha," na kilichotoka kilikuwa kama watu mia moja wenye mafua.

"Chukua hii ya vokali," alisema. "Utamaliza Jumamosi. Maneno mama anayo kichwani."

"Umemuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Umewahi kumpa mgonjwa kwaya ya vokali ukaona matokeo yake?"

"Mwalimu, jamani."

"Basi ni dhana."

"Ni dhana," alikubali. "Lakini ni dhana ya mtu anayeshinda na wanakwaya siku nzima. Mtu akishaimba wimbo miaka minane, ukimpigia hata filimbi anasikia maneno."

"Umepima?"

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kanga. "Mtihani huu," alisema, "nilishaufeli kwako zamani." Akaniwekea mikusanyiko yote mitatu kwenye kompyuta yangu, akanionyesha mara tatu jinsi ya kuitumia, na mara ya tatu nilikuwa nimeshaandika hatua zote katika daftari.

Nyumbani niliweka meza katika chumba kilichokuwa cha binti yetu. Daftari la majaribio ninalo hadi leo. Nilichukua vipimo vinane vya wimbo, yaani vipande vinane vya mapigo manne manne, vile vile kila mara, nikavipitisha katika kila mkusanyiko, nikapima mambo matatu: usafi wa noti, pumzi, na matamshi. Juu ya mkusanyiko wa vokali niliandika: Safi. Pumzi nzuri. Hauna maneno. Haufai. Juu ya wa pili: Si kwaya yetu. Haufai. Juu ya wa tatu niliandika neno moja: Unafundishika. Niliusoma uamuzi ule mara mbili na sikuona kosa lolote ndani yake. Nilikuwa nimefundisha kwaya za watu wasiojua kusoma. Ningeshindwaje kuwafundisha watu ambao hawachoki, hawachelewi, na hawakai kwenye mfereji wakitaniana?

Katika majuma hayo hayo shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuja na habari ya maji ya Chekereni. Kuna mtu huko chini, alisema, kwenye mashamba ya mpunga, ana maji yanayoyeyusha uvimbe. Mama wa fulani amepona. Nilishuka Chekereni mwenyewe. Niliomba nionyeshwe mtu mmoja, mmoja tu, aliyekuwa na uvimbe na sasa hana. Nyumba ya kwanza walinielekeza ya pili. Ya pili wakasema aliyepona ni wa ng'ambo ya mfereji mkuu. Ng'ambo wakasema ni wa kule juu, Machame, mke wa mwalimu mmoja. Nilisimama kwenye tope la mpunga, katika lile joto, nikiwa na viatu vyangu vya kanisani, na nikaelewa kwamba wanazungumza juu ya mke wangu, ambaye hajawahi kuyaonja maji hayo.

Nilirudi nikiwa nimeridhika na msimamo wangu, na nilikuwa sahihi. Ni lazima niliseme hili waziwazi, maana kinachofuata kinaweza kumfanya msomaji adhani kwamba kosa langu ni kukataa uvumi. Sivyo. Ningeshuka Chekereni tena leo na kuuliza maswali yale yale. Lakini daktari hakuniletea uvumi. Aliniletea ujuzi wenye mpaka, akaniambia kwa uaminifu mpaka wenyewe uko wapi, nami niliuweka rafu moja na maji ya Chekereni.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Waimbaji wa mbali walikuwa na "o" inayoishia kwenye "u", na ilinibidi kuikata kila mahali kabla haijageuka. "Ng'ambo" hawakuijua kabisa. Niliijenga kwa kuunganisha mguno wa midomo iliyofungwa na vokali ya mkusanyiko mwingine, nikisogeza kipande hadi mshono usisikike. Neno "shusha" peke yake lilinichukua siku nne. "Sh" ya kwanza ilikuwa kali mno, ya pili ilipotea. Watu mia moja lazima waseme "sh" kwa wakati mmoja. Wasipofanya hivyo, inasikika kama mvua. Hilo nililijua tangu enzi za stoo ya kahawa, na sikuwa tayari kulivumilia kwa mashine.

Nilivaa hedifoni. Hili nalo niliandike. Nilivaa hedifoni ili yeye, katika chumba cha pili, asisikie kazi ambayo haijakamilika.

Alikuja mlangoni mara kadhaa, akiwa amejifunga blanketi, maana ilikuwa Julai na ukungu ulikuwa unashuka hadi barazani. Alinyoosha daftari lake. Bado?

"Sauti ya tatu haijasimama," nilimjibu.

Alitikisa kichwa kukubali. Angekuwa mtu mwingine yeyote, angeniambia kwamba anakufa. Lakini yeye alikuwa mwanakwaya wangu kwa miaka mingi kuliko wote, na sheria aliijua. Aligeuka, akaburuta ndala zake kurudi kitandani.

Siku moja aliandika zaidi: Nipe basi sauti ya pili tu, niisikie mwenyewe. Nikamwambia kwamba hiyo ndiyo anayoijua, aniachie nimalize. Mwanamke wa Soweto alipiga simu juma lile.

"Mwalimu, mama ameshasikia?"

"Bado."

"Mpe hata vokali, Mwalimu, leo hii, halafu uendelee na hayo mengine."

"Usiniharakishe."

"Sikuharakishi wewe," alisema.

Na dalili zilikuwapo. Tuna birika la filimbi, zawadi ya binti yetu. Asubuhi moja nililikuta jikoni linalia, maji yamekaribia kwisha, na mke wangu ameketi hatua mbili kutoka hapo akichambua maharage kwenye ungo. Nilizima, nikamgusa bega, akashtuka. Asubuhi hiyo hiyo ng'ombe alilia zizini, naye akainua kichwa mara moja, akanionyesha kwa mkono kwamba nikamwangalie. Alimsikia ng'ombe. Birika hakulisikia. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, tena wa mkia, angeyaweka mambo hayo mawili pamoja akapata jibu. Mimi nilisema moyoni kwamba amechoka, nikarudi kwenye neno "safari", ambalo "s" yake ilikuwa bado inavuma.

Nilimaliza siku ya Alhamisi. Niliusikiliza wimbo wote mara tatu, nikitafuta kosa, na sikulipata. Sauti nne zilikuwa zimesimama. Nilichomoa hedifoni, nikapeleka spika katika chumba chetu, nikaziweka mbili kila upande wa kitanda. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa amekunywa uji kidogo. Nilimvalisha sweta, nikamwekea mito mgongoni ili akae wima, na nikafanya jambo la kipumbavu: nilivaa tai.

"Tunaunganisha," nilimwambia kwa sauti kubwa, na nikaona kwamba aliisoma midomoni mwangu.

Wimbo ulianza kwa sauti ya nne peke yake, kisha ya pili, kama nilivyoupanga miaka minane kabla. Sauti ya pili ilipoingia, mke wangu alinyoosha mkono akaugusa uso wa spika. Kisha ikaja ya tatu, kisha ya kwanza juu ya zote. "Shusha mzigo, safari imekwisha, ng'ambo ya mto taa zinawaka." Kila silabi ilikuwa kamili. Sijawahi kuipata kwaya iliyotamka hivyo, na nasema kweli kwamba kwa dakika zile nne sikumtazama yeye; nilikuwa natazama kompyuta, nafuata mshono wa "ng'ambo", naona unapita bila kusikika.

Ulipokwisha, nilimgeukia. Alikuwa anatabasamu, na machozi yamemfika kidevuni. Alichukua daftari, akaandika polepole.

Ni mzuri. Sikujua ni mzuri hivi. Mbona umeacha maneno?

Nilisoma, nikadhani sijaelewa. Nilisoma tena. Kila mwaka, kwa miaka yote niliyofundisha, nilichora ubaoni mawimbi ya sauti za binadamu. Vokali ziko chini, nene, zenye nguvu. Konsonanti ziko juu na ni dhaifu: "s", "sh", "f", zinakaa huko huko iliko filimbi ya birika. Ugonjwa au dawa ikianza kula sikio, huanzia juu. Nilisema hayo kwa vijana wapatao elfu kadhaa, nikawapa mtihani juu yake. Mke wangu alikuwa amesikia kwaya inayoimba a, o, u. Alikuwa amesikia ule mkusanyiko wa kwanza, ambao ningemaliza kuupanga Jumamosi ya juma la kwanza, wakati masikio yake yalipokuwa bado mazima, na ambao angeujaza yeye mwenyewe.

Alikuwa ananitazama, anasubiri jibu.

Sijawahi kusema uongo darasani, wala kanisani, wala mbele ya balozi wa nyumba kumi. Nilichukua kalamu mkononi mwake, maana sikuiamini sauti yangu, nikaandika: Kompyuta haiwezi maneno. Inaimba vokali tu.

Alisoma. Aliitwaa kalamu akaandika chini yake: Haidhuru, ninayajua. Rudia.

Nilirudia. Safari hii nilimtazama yeye. Sauti ya nne ilipoanza, alivuta pumzi pale pale nilipomfundisha kuvuta, na sauti ya pili ilipoingia, midomo yake iliingia nayo. Hakuna kilichotoka. Lakini nilimwona akiyasema, neno kwa neno: alikunja midomo kwenye "shusha", aliinua ulimi kwenye "ng'ambo", alishikilia "zinawaka" kwa mapigo yote manne, akaiachia kwa wakati. Alikuwa sahihi pote. Tuliurudia mara tano siku ile. Siku zilizofuata tuliurudia asubuhi na alasiri, na kila siku niliongeza sauti ya spika, mpaka siku aliyonionyesha kiganja kilicho wazi, akakigeuza, kumaanisha kwamba hakuna kitu tena. Nilizima. Baada ya hapo tuliishi majuma matatu mengine katika chumba kile, pamoja, bila muziki.

Kwaya yetu huacha nafasi wazi pale alipokuwa akisimama marehemu, na haijazwi siku ya maziko. Waliobaki walikuja wote: akina mama watatu wa sauti ya pili, na rafiki yangu wa sauti ya nne, ambaye jino lilikuwa limeng'oka. Walitaka niulete wimbo wa kompyuta, nikakataa. Waliimba walichonacho, sauti mbili tu, mbele ya migomba, na palionekana mapengo mengi, si moja.

Mwanamke wa Soweto alipanda kutoka mjini. Baada ya kaburi kufukiwa alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, Mwalimu."

"Asante."

"Hatimaye ulichagua ipi?"

"Ya maneno."

"Mama akayasikia?"

Watu walikuwa karibu, na ningeweza kumpa jibu lile lile nililoliandika katika daftari la mke wangu. Lakini huyu nilimfundisha mimi, na swali lake lilikuwa la haki.

"Hapana," nilisema. "Aliyasema mwenyewe."

Hakuniambia kwamba alinionya. Aliniachia mkono, akaenda akasimama na akina mama wa sauti ya pili, pembeni mwa ile nafasi iliyoachwa, akawauliza kwa sauti ya chini noti yao ya kwanza ni ipi.